Kumi na Nane kwa Lita

Ulikuwa ukimpa shikamoo jirani yetu wa Miyuji, anaitikia marahaba, na kabla hujauliza habari za nyumbani ameshakuambia kwamba gari lake linakwenda kilomita kumi na nane kwa lita moja ya dizeli. Hakuwa akijibu swali. Hakuna aliyeuliza. Alilitoa jambo hilo kama mtu mwingine anavyokutajia idadi ya wajukuu wake, na kwa kweli idadi ya wajukuu alikuwa akiikosea mara kwa mara.

Mtaa mzima tulimwita Afisa. Alikuwa afisa usafirishaji katika ofisi moja ambayo sitaitaja, akastaafu, na cheo kikamfuata nyumbani kama mbwa aliyezoea kulishwa. Jina lake ninalijua. Siliandiki kwa sababu nikiliandika nitakuwa nimemshitaki, na mimi si mtu wa kushitaki watu. Mimi ni mtu wa kujishitaki mwenyewe.

Nijieleze kidogo, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini hesabu ya gari la mtu mwingine iliniumiza kiasi kile. Natengeneza kadi za harusi na mihuri ya mpira pale Makole. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na kwa kuwa sikufundishwa, kila siku nahisi kuna kitu kimoja ambacho wenzangu wote waliambiwa na mimi sikuwepo. Kadi ikitoka na nukta imekaa juu kidogo ya mstari, nazichapa upya zote mia mbili. Wateja hawaoni tofauti. Bibi harusi mmoja alipofuata kadi zake aliniambia kwa upole, "Kaka, harusi ilikuwa juzi."

Basi mtu wa namna hiyo akapangiwa na Mungu kukaa ukuta mmoja na Afisa.

Gari lenyewe lilikuwa stesheni wagoni la rangi ya majivu, lile gari la familia lenye mgongo mrefu, la dizeli, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Tangu serikali ihamie kwetu, Dodoma imejaa magari ya kuvuta magurudumu manne, na kilima kirefu kuliko vyote ambavyo mengi yao yamewahi kuvipanda ni ukingo wa maegesho. La Afisa lilikuwa tofauti. Lilikuwa limefanya kazi. Lilikuwa gari la ofisi yake kwa miaka, na alipostaafu likauzwa kama chakavu, akalinunua yeye. Alipenda kusema kwamba walistaafu pamoja.

Alikuwa na mafundisho yake ya udereva, na aliyafuata kuliko watu wengi wanavyofuata ya kanisani. Aliendesha bila viatu. "Kiatu hakisikii," alisema. Eksileta aliikanyaga, kwa maneno yake, kama mtu aliyekanyaga kifaranga gizani na hataki kife. Mwendo ulikuwa kilomita themanini kwa saa, si tisini wala sabini na tano, hata basi la mkoa likimpigia honi mgongoni mpaka abiria wachungulie dirishani. Kiyoyozi hakikuwashwa tangu alinunue. Vioo navyo havikufunguliwa, maana upepo ukiingia ndani unalivuta gari nyuma. Fikiria mwezi wa Oktoba, saa saba mchana, watu wanne ndani ya chuma kilichofungwa, na yeye amevaa koti. Mke wake alikuwa akishuka kwenye gari lile kama mtu aliyetolewa kwenye chungu.

Honi pia hakuigusa. Honi inakula betri, betri inalishwa na injini, injini inakula dizeli. Akifika nyumbani alizima gari mwanzo wa uchochoro, likaja likiteleza lenyewe mpaka getini, kisha akatoa kichwa na kuita kwa sauti iliyoamsha kuku wa mtaa, "Funguaaa!"

"Mume wangu," nilimsikia mkewe akisema siku moja huku akisukuma geti, "hiyo honi ilikuja na gari."

"Ilikuja, ndiyo. Na mimi nilikuja na mdomo."

Lakini kwenye kituo cha mafuta ndipo ungemwona alivyo. Kituo kilekile, pampu ileile, gari limekaa palepale ambapo alishaweka alama ya rangi kwenye saruji bila kumwomba mtu ruhusa. Tanki lilijazwa mpaka bomba lijikate lenyewe mara ya kwanza, basi. Kuna madereva wanaotikisa gari ili mapovu ya dizeli yashuke waongeze kidogo. Afisa aliwatazama hao kama walevi. Mhudumu mgeni aliwahi kumuuliza, "Mzee, nikuongezee kidogo ifike namba nzima?" Afisa alishika moyo. "Binti yangu, ikikata imekata. Ukiongeza hapo umeniharibia maisha."

Mara moja kwa mwezi alikwenda Morogoro kumwona binti yake aliyeolewa huko. Alijaza tanki Dodoma alfajiri, akaenda na kikapu cha zabibu tu nyuma. Alipofika Morogoro alijaza tena mpaka bomba likate, akachukua kilomita alizotembea akazigawanya kwa lita zilizoingia. Jibu aliliandika kwenye daftari jekundu lililokaa kwenye kisanduku cha dashibodi. Kumi na nane. Mwezi ukifuata, kumi na nane. Siku ya tatu alirudi akiwa na gunia la mchele, mikungu ya ndizi mpaka darini, na mara nyingine shemeji mmoja mnene aliyetaka kuja kuona mji mkuu.

"Na kurudi, mzee, inakuwa ngapi?" nilimuuliza zamani, kwa nia njema kabisa.

Akanitazama kwa huruma. "Kijana wangu, kurudi nyumbani hakuhesabiwi."

Nilidhani ni hekima. Naona aibu kuandika hivi, lakini niliuchukua ule usemi nikauweka kwenye kadi ya harusi ya watu, kwa maandishi ya kulalia, chini ya picha ya pete mbili. Baba wa bwana harusi alinipigia simu kuuliza maana yake nini, kama ni tishio.

Watu walimwamini. Mwenyekiti wetu wa mtaa alinunua stesheni ya dizeli kwa sababu ya Afisa. Mwalimu wa hisabati anayekaa nyumba ya kona akanunua. Nami, baada ya miaka ya kujibana, nikanunua, gari la aina ileile, injini ileile, mpaka rangi nilitafuta ile ya majivu. Jioni tukikutana dukani kwa jirani, watu wazima na soda zao, mazungumzo yakawa ni ulaji wa mafuta.

"Langu kumi na saba na nusu," alisema mwenyekiti.

"Kumi na saba," alisema mwalimu wa hisabati.

"Vizuri, vizuri," alisema Afisa. "Mguu ukikomaa mtafika. Na wewe, mtu wa kadi?"

"Kumi na sita," nikasema.

Wakanisikitikia. Mwenyekiti hata akanigusa bega.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepima kwenda na kurudi Kondoa kwa mama yangu, mara saba, kwa kufuata kila amri ya Afisa, na gari langu lilikwenda kilomita kumi na moja na nukta nne. Ilinichukua muda kutambua kwamba dukani pale namba zilitajwa kwa vyeo. Mwenyekiti alikaa nusu hatua chini ya mzee, mwalimu hatua nzima, na mimi mahali panapomfaa kijana. Mwalimu wa hisabati alifundisha watoto wa watu kugawanya, ila gari lake mwenyewe hakuligawanya hata siku moja. Hivi karibuni alikiri hivyo kwangu, akacheka. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nimegawanya.

Kwa miaka miwili niliishi na ile kumi na moja na nukta nne kama mtu mwenye ugonjwa wa siri. Niliamini kosa ni mguu wangu. Nilivua viatu. Niling'oa kiti cha nyuma. Nilitoa jeki na tairi la akiba, nikapata pancha kabla ya kufika Kondoa nikakaa saa tano juani. Nilimwendesha mama yangu kwa mwendo wa themanini na vioo vikiwa vimefungwa, akiwa na khanga kichwani amelowa jasho, mpaka akasema, "Mwanangu, tunamzika nani?"

Hapa niseme jambo lililofanya hesabu hii isiwe mzaha.

Afisa alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote. Aliiita "siku niliyomkamata mwizi kwa kugawanya." Ofisini kwake alikuwapo dereva aliyeendesha gari lilelile la majivu, kwenda Morogoro na kurudi, wiki hata wiki. Kwenye kitabu cha safari dereva huyo aliandika kwamba gari linakwenda kilomita kumi na mbili kwa lita. Afisa hakuafiki. Aliamini dizeli inanyonywa na kuuzwa njiani. Dereva akaapa. Afisa akasema hahitaji kiapo, anahitaji kipimo. Akaendesha mwenyewe mpaka Morogoro, bila viatu, akajaza, akagawanya, akapata kumi na nane. Palepale kituoni akampigia simu mkuu wa ofisi.

"Kabla sijanywa hata chai," alikuwa akimalizia, "barua ya kumfukuza ilikuwa imeshachapwa. Akarudi kwao Buigiri kuziba pancha. Hesabu haina undugu, kijana wangu."

Wasikilizaji walicheka. Nami nilicheka mara za kwanza. Kisha siku moja nikiwa nakata mpira wa muhuri, hesabu ikanijia bila kuitwa: kama mguu wangu si mbaya, basi gari la namna ile kwenda na kurudi ni kama kumi na mbili. Na kama ni kumi na mbili, yule dereva wa Buigiri hakuiba hata kikombe. Ama mimi ni dereva mbovu, ama mtu alifukuzwa kazi na kuitwa mwizi kwa kosa ambalo hakulifanya. Moja kati ya hayo mawili lilikuwa kweli, na aliyeweza kulipima kwa uhakika nilikuwa mimi.

Nakiri: nilichagua kuwa dereva mbovu. Nilikuwa nimeshazoea kuwa na kasoro. Kumwambia mzee wa watu, aliyenishikia kikombe cha uji nilipougua, kwamba namba yake imemla mtu, hilo sikulizoea.

Kulikuwa na kitu kingine nilichokiona nikakinyamazia. Mara mbili alinipa lifti kutoka Morogoro. Barabara inapita Dumila, inapanda milima mpaka Gairo, inashuka Kibaigwa, halafu karibu na nyumbani inapita Buigiri. Safari nzima mwendo wa mzee ulikuwa themanini. Tulipokaribia Buigiri, mguu mtupu ulididimia. Tisini. Mia. Injini ikalia, kikapu kikagonga mlango, na yeye akatazama mbele tu kama mtu anayepita makaburini. Tukishavuka nyumba ya mwisho, themanini tena. Mtu aliyekataa kupiga honi ili asipoteze tone la dizeli alikuwa akimwaga dizeli kila mwezi mahali palepale. Mara ya pili nilisema, "Mzee, hapa kuna askari wenye tochi za kupima mwendo." Akasema, "Askari hawa nawafahamu." Hawakuwepo askari.

Mwaka jana macho yake yaliingia ukungu. Hospitali walimwambia ni mtoto wa jicho, angoje zamu ya kupasuliwa. Asubuhi moja akaja kwangu akipapasa ukuta.

"Mtu wa kadi, unajua kuendesha?"

"Kumi na sita tu, mzee," nilisema, hata kwenye shida sikuweza kusema ukweli.

"Nitakusimamia. Nipeleke kwa binti yangu."

Hivyo nikashika usukani wa gari lile. Alikaa kushoto kwangu na koti lake, akisikiliza injini kwa kuinamisha kichwa. "Gia hiyo umechelewa." "Hapo ungeacha lishuke lenyewe." "Kifaranga, kijana, kifaranga!" Nilikuwa nimelowa mgongo mzima, nusu kwa joto na nusu kwa mtihani. Morogoro tukajaza mpaka bomba likakata. Niligawanya kwa simu.

Kumi na saba na nukta tisa.

"Hiyo nukta moja iliyopotea ni mguu wako," akasema.

Lakini mimi sikuwa nikimsikia tena. Kwa mguu wangu huuhuu! Nilitaka kumkumbatia mhudumu. Halafu furaha ikaniishia taratibu, kwa sababu kama mguu wangu ni mzima, nilijua kilichobaki.

Siku ya tatu tukarudi. Mchele, ndizi, na safari hii mbuzi mdogo wa zawadi aliyelia mpaka Dumila. Kutoka hapo barabara ikainuka. Nilikuwa nimeipita mara nyingi nikiwa abiria, sikuwahi kuifikiria. Sasa niliisikia chini ya unyayo: ukilegeza gari linasita, ukikanyaga linakunywa. Dodoma iko juu. Kila mtu anajua iko juu, tunasema "kupanda Dodoma". Na mzee huyu, miaka yote, alikuwa akipima kushuka.

Tulipofika Gairo nikasema, kabla uoga haujaamka, "Mzee, leo tukifika nitajaza tena. Nataka kupima kurudi."

Akafunga kifungo cha juu cha koti. Tukaenda kilomita nyingi.

"Usihangaike," akasema hatimaye. "Ni tisa."

"Tisa?"

"Tisa. Fungua kisanduku ukisimama. Ukurasa wa nyuma wa daftari."

Nilisimama Kibaigwa, pembeni, nikafungua. Mbele ya daftari jekundu zilipangwa kumi na nane zote, mwezi baada ya mwezi, kwa kalamu ya wino. Nikaligeuza. Nyuma, kwa penseli, kulikuwa na mstari mmoja: tisa. Mstari mmoja tu, na safari yake haikuwa ya juzi.

"Ni ya siku ileile," akasema. "Niliporudi na gari baada ya kumpima dereva. Nilijaza Dodoma, nikaona. Nikarudia hesabu mara tatu pale kituoni."

Mimi ni mtu wa hesabu hata mahali pasipofaa. Kichwani nilichanganya kumi na nane na tisa, nikapata kumi na tatu na nusu, kisha nikajikosoa, maana kupanda kunakula lita nyingi zaidi kwa kilomita zilezile. Nikahesabu lita za kwenda na za kurudi pamoja. Kumi na mbili kamili. Ileile aliyoiandika dereva.

"Kwa nini hukusema?"

"Barua ilikuwa imeshachapwa." Alifuta macho yake yasiyoona kwa leso. "Na walikuwa wameshanipigia makofi kwenye kikao. Wewe unachapa kadi. Ukikosea unachapa upya. Sisi ofisini kilichochapwa kimechapwa."

Nikawasha gari. Nilitaka kumchukia na sikuweza vizuri, kwa sababu nami nilikuwa nimenyamaza miaka miwili na sikupigiwa makofi na mtu.

Baada ya muda akauliza, "Tumefika wapi?"

"Tunaikaribia Buigiri."

Mguu wake mtupu, upande ule usio na eksileta, ukasukuma sakafu. Nami nikapunguza mwendo.

"Mbona unapunguza?"

"Kuna tuta, mzee."

Na tuta lilikuwepo. Tukalivuka polepole. Sikuongeza mwendo baada yake. Akasikiliza injini, akasikiliza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Baada ya duka lenye ukuta wa buluu. Kulia. Kuna kibanda cha matairi."

Kwa mtu aliyepapita kwa kasi vile, alipajua vizuri.

Mwanamume wa makamo mwenye ovaroli lililokatwa mikono alikuwa ameinama juu ya beseni la maji akitafuta tundu kwenye mpira wa baiskeli. Hakuinua kichwa kutazama. Alisikiliza kwanza. "Gari hilo," akasema, "nozeli yake ya tatu bado inagonga?" Ndipo akamwona aliyekaa ndani. Akanyooka.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba." Afisa alikuwa akipapasa kitasa. Nilimfungulia. Akasimama juani bila viatu, koti limefungwa vifungo vyote, ameelekea upande ambao mtu hakuwepo. Nikamgeuza kwa bega. "Nimekuja kukuambia. Ilikuwa kumi na mbili."

"Najua, mkuu," akasema dereva. "Nilikuwa ndani ya gari."

Afisa akaelekea ilikotoka sauti, akasema, "Nisamehe."

Dereva alikausha mikono kwenye ovaroli, kidole kimoja kimoja. "Hapa kanisani nilikuwa naendesha gari la kwaya. Barua yenu ilipofika kijijini, wazee wakaniomba ufunguo. Kwa adabu sana, waliniomba. Hawakuniita mwizi. Walisema wanipumzishe. Nimepumzika miaka yote hii." Akatazama gari. "Mkuu, sina haja ya kuliliwa. Ile ya kunifukuza ilikuwa karatasi. Nataka karatasi."

"Utaipata."

"Na tairi la nyuma kushoto halina upepo," akaongeza. "Hilo peke yake linakula." Akavuta mpira wa kompresa akalijaza, akalipiga kwa kiganja, akarudi kwenye beseni lake bila kuaga.

Barua tuliitunga mezani kwangu Makole. Afisa alitaka kuanza na historia ya ofisi, kisha na sera ya usafiri, kisha na hali ya barabara wakati ule. Nilimsikiliza, nikafuta. Ilibaki mistari michache: kwamba yeye, aliyekuwa afisa usafirishaji, alilipima gari kwenda tu, kwamba kwenda na kurudi lilikuwa kilomita kumi na mbili kwa lita kama dereva alivyoandika, kwamba alilijua hilo siku ileile, kwamba dereva hakuiba. Niliichapa mara kumi na moja. Alisema iwekwe muhuri. Mihuri ilijaa mezani, na wa ofisi yake ningeweza kuuchonga kwa nusu saa, lakini nilimwambia hana ofisi tena. Akaelewa. Akachovya dole gumba kwenye wino, kisha akaomba kalamu aweke na sahihi.

Hakuona pa kuiweka. Sahihi ikapanda, ikakata katikati ya mstari, ikalala juu ya maneno "kumi na mbili".

"Ngoja, mzee, nichape nyingine," nikasema. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye karatasi mpya.

"Inasomeka?"

Nikaitazama. Ilikuwa imepinda, ina doa la wino pembeni, na ile sahihi imekaa kama mjusi ukutani. "Inasomeka."

"Basi ikikata imekata."

Niliipeleka Buigiri mwenyewe. Dereva aliisoma akiwa amesimama. Akamwita mkewe nikamsomea. Akaja mtu kujaza upepo kwenye pikipiki, nikaambiwa nisome tena. Halafu akaichukua, akaivalia shati, akaondoka nayo kuelekea kanisani. Kama walimrudishia ufunguo sijui. Nimepita mara kadhaa, kwa mwendo wa kawaida, nikakuta kibanda kimefungwa siku za Jumapili tu. Sijathubutu kuuliza.

Mara ya mwisho kukaa na Afisa ilikuwa dukani, jioni, wiki moja kabla hajaenda kupasuliwa jicho la kwanza. Kijana mmoja mgeni, mfanyakazi wa wizara aliyehamia mtaani na stesheni mpya inayong'aa, alikuja kununua maji. Mwenyekiti alikuwepo na kumi na saba na nusu yake. Mwalimu wa hisabati alikuwepo.

"Shikamoo, mzee. Nasikia wewe ndiye bingwa wa dizeli. Lako linakulaje?"

"Marahaba," alisema Afisa. "Kumi na nane."

Nilishika chupa yangu ya soda kwa mikono miwili. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kijana akapiga mluzi wa kustaajabu, na alikuwa ameshageuka kwenda zake Afisa alipouelekeza uso mahali alipodhani nimekaa, ambako alikuwa amekaa mwalimu.

"Kwenda," akasema.